Ngiri Inayojificha Nikilala

Shoga, uko hewani? Nina hasira hizo!

Kumbe ile gesi yangu si gesi. Ni NGIRI! Imekaa pembeni ya tumbo, eti ni ya nadra.

Si unajua kila nikienda daktari ananiambia, "Lala, mama"? Nikilala uvimbe unarudi ndani. Anabonyeza, anasema gesi, punguza maharage.

Leo nimemgombeza nikiwa nimesimama, uvimbe ukachomoza mbele ya macho yake. "Hongera mama, hii ni adimu!" HONGERA!

Akamwita bosi wake aje aone. Bosi kaingia tu: "Lala, mama." Nikalala. Akabonyeza. "Gesi."

GESI, shoga!

Nikasimama, nikakohoa mbele ya pua yake. Akachukua kalamu, akafuta "gesi", akaandika "ngiri".

Kesho napasuliwa. Nimewaambia silali mpaka nione mtu ameshika kisu.