Nimelala Kirumba, Baba Fabiola

Baba Fabiola,

Sijaja kaburini kwako tangu tuliposimika msalaba, na watu wameanza kusema. Waache waseme. Kila nikitaka kuja najikuta nina maneno makali mdomoni, na pale ulipo ni karibu na njia ya kwenda kanisani. Sitaki wapita njia wasikie mjane anamgombeza marehemu wake. Ndiyo maana nakuandikia. Fabiola yuko shambani, mama yako yuko uani anapepeta maharage, na mimi nimekalia kiti chako.

Nimekwenda Mwanza. Nimelala hotelini. Umesikia? Nimelala hotelini, na wewe hukuwepo.

Umeendesha watalii tangu kabla hujanioa. Ukija nyumbani jioni, simu iko sikioni. Mgeni ametoka kuona wanyama kreta, anataka kukaa Mwanza siku chache kabla ya kupanda ndege, na wewe ndiye unayemchagulia mtaa. Nilikuwa nachambua mboga hapo mlangoni nakusikiliza. "Hawa ni wazee, usiwapeleke Isamilo, vile vilima vitawaua. Waweke Kapripointi, waone ziwa wakiwa wamekaa." "Huyu binti yuko peke yake, mtafutie mtaa wenye taa na maduka yanayochelewa kufunga." Ukauliza kama maji yanatoka. Ukauliza jenereta iko upande gani, chumba kinatazama barabara au ua. Watu ambao hukujua hata wanakula nini kwao, ulijua watalalaje.

Na mimi? Mimi uliniambia tutakwenda mji mmoja, wewe na mimi, tukishauza ngano. Ngano ikauzwa. Ukasema msimu wa wageni umeanza, tungoje masika. Masika yakaja, ukasema umechoka na gari, unataka kulala kwako. Nilikuelewa. Kosa langu lilikuwa hilo, kukuelewa kila mwaka.

Halafu ile siku ya ubatizo kwa Joakimu. Madereva wenzako wote wapo, mnakunywa, mnabishana mtaa gani wa Arusha ni mzuri kwa mgeni anayekuja mara ya kwanza. Nikapita na sinia la nyama, nikauliza kwa utani, "Na mimi Baba Fabiola, ungeniweka mtaa gani?" Ukacheka. Ukasema, "Wewe? Wewe hata ghalani unalala." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimeshika sinia na watu wananitazama. Wewe ulisahau kabla nyama haijaisha. Mimi nilikwenda jikoni, nikasimama nyuma ya mlango mpaka uso ukarudi kuwa uso.

Ningekudai neno hilo siku moja. Nilikuwa nasubiri uzeeke kidogo, ukae nyumbani, nikudai taratibu. Lakini daktari akakuambia presha imepanda, upumzike, na wewe ukamjibu wageni wameshatua, utapumzika wakiondoka. Ukaangukia kwenye maegesho ya lodge, ufunguo mkononi, ukiwasubiri wamalize chai. Walituma maua, wale wageni. Maua mazuri. Nilitamani ng'ombe wayale.

Basi. Tulipouza maharage nilimwambia Fabiola alete simu yake. Nikamwambia, "Nitafutie Mwanza." Akanitazama kama nimepandwa na homa. "Mwanza kwa nani, mama?" Nikamwambia si kwa mtu yeyote. Kutembea tu.

Nilimwita Joakimu anishauri, na wala hakufikiri mara mbili. "Kapripointi, shemeji. Paskali alikuwa anawaweka huko watu wake. Pametulia, hakuna kelele, unasikia ndege tu." Nikamwuliza, hapa Mbulumbulu nasikia nini? Si ndege tu? Tangu mmenizikia mume, nyumba hii imetulia mpaka nasikia panya akifikiri. Nisafiri siku nzima kwenda kutafuta utulivu? Nikamwuliza ni mtaa gani ulikuwa ukiukataa. Akasema, "Kirumba. Soko, wavuvi, muziki. Alisema Kirumba hakuna mgeni wa kulala." Nikasema basi nitalala Kirumba.

Nilipiga simu hotelini mwenyewe. Niliuliza maji, niliuliza jenereta, niliuliza dirisha linatazama wapi, mlango wa nje unafungwa na nani, chai inaandaliwa na nani. Yule binti wa mapokezi akaniuliza, "Samahani mama, wewe ni wakala wa utalii?" Nikamwambia mimi ni mkulima wa ngano. Nikamwuliza kama kuna baa karibu. Akaapa hakuna.

Kaka yako Emanueli alisikia kabla sijanunua tiketi. Alikuja jioni na mama yako nyuma yake, maana unajua mama alikuwa anakaa kwake. Hakuketi. Alisema, "Mjane anakwenda kutalii? Udongo wa kaburi haujakauka, wewe unakwenda kutalii?" Nikamwambia nakwenda na nitarudi. Akasema kama ni hivyo, nisitegemee trekta lake mwaka huu, nitafute wa kunilimia hukohuko Mwanza.

Ndipo mama yako akasema kwa Kiiraqw, polepole, kama anayetafuta kitu mfukoni, "Aliyezaa huyo aliyekufa ni mimi. Kama ni kulia, hata huko kunalilika. Na mimi naenda."

Emanueli akadhani hajasikia vizuri. Na mimi pia.

Kwa hiyo ni mama yako niliyekaa naye kwenye basi, siyo wewe. Alivaa shuka lake zuri na viatu vya Fabiola. Tulifika lango la hifadhi pale Lodware, abiria wakashuka kulipia kiingilio, na askari mmoja akamtambua kwa sura. "Huyu si mama yake Paskali?" Akaja kumpa pole, akamshika mikono yote miwili. Dereva wa basi akasikia. Kumbe mlijuana. Tulipopanda msitu, tukafika pale juu ukingoni mwa kreta, akasimamisha basi. Akasema, "Bibi, shuka uone ofisi ya mwanao."

Baba Fabiola, nilikuwa sijafika pale. Unajua vizuri kwamba nilikuwa sijafika. Kutoka nyumbani kwetu unaona msitu ule kila asubuhi, na miaka yote hiyo sikuwahi kuvuka lango lile. Nikikuuliza kukoje huko, unavua viatu unasema, "Vumbi tu. Kazi tu." Mama yako ulimwambia ni vumbi na nyati.

Ukungu ulikuwa unaondoka. Chini kabisa kulikuwa na maji yanayong'aa, na nyasi za kila rangi, na vidoa vidogo vikitembea, na kimya kikubwa kuliko kimya chochote nilichowahi kusikia. Mama yako alisimama pale ameshika kifua. Kisha akasema, "Alinidanganya." Basi, hilo moja tu. Hakulia. Dereva akasema wewe ulikuwa unawapiga watu picha hapo hapo kila siku, akaomba simu yangu atupige na sisi. Mama alikubali. Mimi nilisimama pembeni yake nimekunja uso, na ndivyo picha ilivyotoka, yeye ametazama mbele kama askari na mimi nimenuna kama mtoto.

Pazuri vile, Paskali. Ulikuwa unatoka mahali pazuri vile unakuja kuniambia vumbi. Sijui kama uliniona mjinga, au ulikuwa umepazoea hata hukupaona tena. Nimefikiri mpaka Bunda nikashindwa kuamua, na yote mawili yananikasirisha.

Mwanza ni mawe juu ya mawe, na nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Tulifika jua linataka kuzama. Kirumba ni kelele, hapo ulisema kweli. Mikokoteni, samaki, redio kila duka na wimbo wake. Chumba kilikuwa safi, maji yalitoka, dirisha lilitazama ua kama nilivyoambiwa. Nikasema moyoni, unaona? Nimeweza. Sijamaliza kusema, ukuta ukaanza kutikisika. Ni kweli hakukuwa na baa. Nyuma ya ua kulikuwa na ukumbi wa sherehe.

Nilishuka mapokezi nikiwa nimewaka. Nilimwambia yule binti kila kitu. Nilimwambia nimeuliza maswali yote, nimeuliza vizuri, nimeleta mama mzee kutoka Karatu, na wao wamenificha. Akasema, "Lakini mama, uliniuliza baa." Nikazidi kuwaka. Nafikiri kufikia hapo nilikuwa nasema na wewe, maana nilimwambia, "Mnajua kuwapangia wengine, sisi mnaona tunalala popote!" Maskini, akabaki ananitazama, hajui ni wengine gani.

Nilipopanda tena chumbani, mama yako hayupo.

Nilimtafuta vyooni, nilimtafuta kwenye ngazi, nikatoka barabarani bila kujifunga kitenge vizuri. Muuza karanga akanionyesha kwa kidevu. Mama yako alikuwa ameingia ukumbini. Walikuwa wanamuaga binti anayeolewa, na mama yako, na shuka lake na msiba wake, amekalishwa kiti cha mbele, ana sahani ya pilau, anazungumza Kiiraqw na bibi mmoja anayemjibu kwa Kisukuma, na wanaelewana. Nilitaka kumtoa. Mama wa binti akanizuia. "Mwache, dada. Bibi akija bila kualikwa ni baraka. Mmekuja msibani?" Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Mama yako akaelewa swali, maana yule mama wa binti alikuwa akitazama nguo zangu nyeusi, akajibu yeye mwenyewe kwa kile Kiswahili chake kidogo. "Hapana. Tumekuja kutembea."

Wakati wa wazee kumpa binti maneno, mshereheshaji akamwita na yeye, "bibi yetu kutoka Karatu." Nikaenda naye kutafsiri. Akamshika binti mkono, akamtazama muda mrefu, muziki umezimwa, watu wanangoja. Akasema neno moja la Kiiraqw, akasita, akalisema tena. Nikatafsiri kwenye kipaza sauti. "Anasema, usikubali kuachwa nyumbani."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaziba masikio. Walidhani ni utani wa bibi. Mimi na mama yako tulitazamana. Hapo ndipo nilipolia, Baba Fabiola, mbele ya watu nisiowajua, na nilikuwa nalia kwa hasira, na yeye alikuwa ananifuta uso kwa ncha ya shuka lake huku ananiambia, "Najua. Mimi ndiye niliyemlea."

Tulikaa siku zote tulizopanga, palepale Kirumba. Binti wa mapokezi alitaka kutuhamishia upande wa mbele, mama akakataa, alitaka kuona kesho kuna sherehe ya nani. Alionja sato, akatema kwenye kiganja, akasema maji yale yabaki na samaki wao. Tulipita Kapripointi pia, kwa miguu, nione mwenyewe. Ni pazuri. Pametulia. Nilimwambia mama hapa ndipo Paskali alipokuwa anawaweka watu wake. Akauliza, "Na sisi tulikuwa watu wa nani?"

Emanueli ametimiza neno lake. Trekta lilipita kwake, likapita kwa jirani, shamba letu likarukwa. Nimemwita mtu wa ng'ombe, analima kwa plau, kazi inakwenda polepole. Ngano itachelewa lakini itaota. Unavyomjua kaka yako, ataongea mpaka mvua inyeshe.

Ila kuna jambo hakulitegemea. Tuliporudi, gari la kutoka Karatu lilisimama kwanza kwake. Alikuwa mlangoni, akaja kumshusha mama. Mama hakushuka. Emanueli akamwambia, "Mama, tumeshakutandikia." Mama akamwambia, "Nimechoka kuchaguliwa pa kulala. Twende, dereva." Nikatazama mbele, maana ningecheka na ingekuwa vita.

Nilimwonyesha chumba cha wageni, kile cha dirisha la shambani. Akatazama, akafunga mlango, akaingia chumbani kwetu na mfuko wake. Analala upande wako. Anajifunika blanketi lote, na asubuhi anasema ni mimi niliyelivuta.

Sasa nakuaga, maana Fabiola anarudi na sitaki asome uso wangu. Tukivuna tunakwenda Tanga, sisi watatu. Hilo naahidi, na nimeshaanza kuuliza mitaa. Kaburini nitakuja. Siahidi kuja bila hasira, naahidi kuja.

Na ujue kitu kimoja, maana hakuna aliyekuambia. Hapo ulipo nilikuchagulia mimi. Emanueli na wazee walitaka bondeni, nikawakatalia mbele ya padre, na mimi ni mwanamke na nilikuwa sijalala. Niliwauliza masika maji yanakwenda wapi. Niliwauliza ng'ombe wanapita wapi. Niliwauliza asubuhi jua linaanzia upande gani. Wakachoka na maswali yangu, wakachimba pale nilipowaonyesha.

Lala, Baba Fabiola. Ni mahali pazuri.

Mimi mke wako,
Mama Fabiola