Pikipiki Itaombewa Jumapili, na wa Kuipanda Ni Mimi

Mpendwa Mama Waringa, naomba msaada wako, na naomba pia usichapishe jina langu, maana hapa Njiru gazeti lako husomwa na watu wengi kuliko wanaolinunua, hata karatasi ya kufungia nyama watu huikunjua na kuisoma ikiwa ina ukurasa wako. Jina la mke wangu nitalitaja kwa sababu akina Nafula huku kwetu ni wengi na hakuna atakayejua ni yupi. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina huyo mke mmoja na watoto wawili, nyumbani ni Webuye, na kazi yangu ni karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni kule Viwandani, upande wa Mukuru kwa Njenga. Shida yangu ni kuchagua pikipiki. Ni ya kwanza kumiliki katika maisha yangu, ya mtumba, tena nataka ile ya spoti, ile ambayo dereva huinama mpaka akalala juu ya tangi, inipeleke kazini na kunirudisha, kwa sababu kutoka kwangu hadi Kangundo Road ni matope na kutoka Kangundo Road hadi kiwandani ni kusubiri matatu, na meneja ameshanionya mara mbili kuhusu kuchelewa.

Nimeona mbili. Ya kwanza iko Umoja kwa bwana mmoja anayeitwa Kinyanjui, ni nyekundu, injini ya sisi mia sita, silinda nne, plastiki zote zinang'aa, na kiti cha abiria ni kidogo kimeinuka juu nyuma, na anasema aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Aliiwasha na kuku wa jirani wakatawanyika, akaniambia, "Buda, hii si nduthi ya bodaboda, hii ni ndege. Ukiweka gia ya tatu pale Outering, Viwandani iko hapo tu." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye gia zote anazijua kwa majina. Akanipa funguo niijaribu, nikamwambia goti langu lina jeraha la zamani la mpira, aipande yeye na mimi nitasikiliza, basi akaipeleka mpaka mwisho wa barabara na kurudi, nami nikiwa nimefumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, na alipozima nikamwambia silinda ya pili nimeisikia ikikohoa kidogo. Papo hapo akanipunguzia bei. Mama, sijui hata silinda ya pili iko upande gani.

Ya pili iko Makadara, si mbali na mahakama, kwa fundi anayeitwa Maingi ambaye huipanda mwenyewe kila siku. Hiyo ni ya buluu iliyopauka, nayo ni ya spoti lakini ndogo na fupi, sisi mia mbili na hamsini, plastiki ya upande wa kushoto ilipasuka akaishona kwa waya, na ikiwaka haingurumi, inazungumza tu. Maingi hakunisifia chochote. Aliniuliza, "Umepanda miaka mingapi?" Nikasema karibu kumi. "Na umeanguka mara ngapi?" Nikamwambia kwa fahari, "Mimi? Hata moja." Akafuta mikono kwa kitambaa chake kidole kimoja kimoja, akasema, "Bosi, mtu hajaanguka, hajapanda. Enda ufikirie, alafu urudi." Nikaondoka nimekasirika sana, nikatembea mpaka Jogoo Road nikimtukana moyoni, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Mama Waringa, sijui kupanda pikipiki. Sijawahi. Hata baiskeli niliachana nayo darasa la tano baada ya kuingia nayo katika miwa ya jirani na kutoka bila gurudumu la mbele. Uongo huu ulianza na picha niliyopigwa nikiwa kijana, nimekaa juu ya pikipiki ya afisa wa kilimo, kifua mbele, miwani usoni, na kama ukiangalia vizuri utaona stendi iko chini, lakini Nafula tulipokuwa tunachumbiana hakuangalia stendi, aliangalia miwani, akaniuliza, "Kumbe wewe hupanda?" na mimi nikasema, "Kila siku," na tangu hapo ni miaka minane picha hiyo iko katika albamu yetu ukurasa wa kwanza na kila mgeni akija huonyeshwa kabla ya chai. Sasa zamu ya Nafula ya kupokea michango ilipofika katika chama chao cha akina mama, badala ya kununua cherehani aliyokuwa akiitamani, aliniletea zile pesa zote mezani akasema, "Baba Nekesa, kila siku unakanyaga matope na kusubiri matatu na hali unajua kupanda. Nunua pikipiki." Niambie mama, katika dakika kama hiyo mtu anasemaje.

Ningeweza kuinunua na kujifunza kichinichini, lakini mchungaji wetu alipopata habari alifurahi, akatangaza kanisani kwamba Jumapili ya mavuno, mwisho wa mwezi huu, pikipiki itawekwa mbele ya mlango na kuombewa, na baada ya maombi mwenye chombo atazunguka kanisa mara tatu mke wake akiwa nyuma na akina mama wakiimba, kama tulivyofanya kwa ndugu mmoja aliyenunua pikapu. Ndugu yule alikuwa na magurudumu manne. Tangu siku hiyo Nafula haongei jambo jingine, nilipomweleza habari za hizo mbili aliniambia tu, "Chukua ile fupi," nami nikamjibu kwamba wanawake hawajui mambo ya injini, na nilipomuuliza kama haogopi kukaa nyuma alisema, "Mimi nitashika kiuno chako nifumbe macho." Usingizi umenikimbia. Helmeti nimeshanunua Gikomba, na kila Jumatano akienda mkutano wa akina mama mimi hukaa juu ya mkono wa kochi nikiwa nimeivaa, nabadilisha gia kwa mguu na sauti ya injini naitoa kwa mdomo, na nimefika gia ya nne bila shida.

Kwa hiyo swali langu ni hili, na naomba unijibu kabla ya Jumapili hiyo: kati ya ile nyekundu na ile ya buluu, ni ipi ambayo mtu anaweza kuipanda mara tatu kuzunguka kanisa bila kuonekana kwamba hajui? Mimi nafikiria nyekundu, kwa kuwa ina nguvu, huenda ikajiendesha yenyewe.

Ni mimi,
Mwenye Helmeti, Njiru

MAMA WARINGA ANAJIBU

Mwanangu mwenye helmeti, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa nimeacha kucheka. Umeniuliza kuhusu rangi, ukapachika katikati, kati ya silinda na kochi, kwamba unakusudia kumpakia mama wa watoto wako juu ya mashine usiyoijua na kumzungusha mbele ya kanisa. Pikipiki haijiendeshi yenyewe. Yenye nguvu hujiangusha haraka zaidi, basi.

Nitakujibu la pikipiki kwanza kwa kuwa ndilo uliloniuliza, na usidhani naongea hewani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa simu, alipanda pikipiki miaka kumi na minne, na mimi nilikaa nyuma yake mara nyingi, mbili kati ya hizo nikiwa mjamzito. Naijua ile sehemu ya nyuma. Aliye mbele ana usukani wa kushikilia, aliye nyuma ana wewe tu.

Ile nyekundu iache. Sisi mia sita si darasa la kwanza. Plastiki zinazong'aa juu ya chombo kizee zinaweza kuwa zimefunika mengi, na hukuchungulia chini yake kwa sababu ulikuwa umefumba macho. Siku ukienda kununua chochote chenye injini, iguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina moto, mwenyewe ameshaihangaikia asubuhi ili usione inavyokataa ikiwa baridi. Omba logibuku, cheti cha umiliki, piga magoti usome nambari ya chesisi kwenye chuma chake, na isipolingana na ya kwenye cheti sema kwaheri hata kama umeshakunywa soda yake. Na hiyo silinda uliyoibuni ikikohoa, mtu akipunguza bei upesi namna hiyo, mwanangu, basi inakohoa kweli.

Ya buluu ndiyo yako. Kaa juu yake visigino vyote viwili viguse ardhi, ishike breki uone kama inashika, angalia cheni na matairi, na ule waya usikutie shaka, maana mwenye chombo amekuonyesha kidonda chake mchana kweupe. Katika barua yako nzima huyo Maingi ndiye mtu wa pekee aliyekutakia uhai, na ndiye uliyetembea ukimtukana mpaka Jogoo Road. Rudi kwake. Mwambie, "Nilikudanganya, sijui kupanda." Sentensi hiyo haijawahi kumuua mtu. Umwombe akufundishe uwanjani, kwa malipo mtakayokubaliana, uchukue leseni ya kujifunza, uanguke mara mbili tatu ukiwa peke yako kama wenzako wote walivyofanya, halafu ufanye mtihani. Mpaka hapo hupakii mtu, awe mke au gunia la viazi. Kiwandani endelea kwenda kwa matatu na uamke mapema. Meneja hajali umefika kwa gia ya ngapi.

Mchungaji mwambie aiombee pikipiki ikiwa imesimama. Maombi hayahitaji petroli. Akina mama waimbe, wewe na mkeo msimame kando yake mmevaa vizuri, mpigwe picha, na safari hii stendi ikiwa chini pasiwe na mtu anayeficha kitu.

Sasa tuje kwako wewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika miaka minane kwa sababu ilikuwa haijapata magurudumu. Nakuonea huruma, sitaki kukuficha. Naelewa jinsi neno moja ulilolisema kwa msichana unayempenda linavyoweza kukaa katika albamu mpaka likawa mtu wa tatu nyumbani. Lakini huruma yangu inaishia pale mtu mzima anapofanya mazoezi ya gia juu ya kochi badala ya kufungua mdomo. Umeogopa kicheko cha mkeo kuliko ulivyoogopa kuvunja mguu wake. Huo si uanaume, na kama baba yako wa Webuye yuko hai muulize atakwambia hivyo hivyo.

Nilitaka kukomea hapo. Lakini siku nne baada ya barua yako kufika mezani kwangu ilikuja nyingine, nayo imetoka Njiru, mwandiko wa mwanamke, imetiwa sahihi na Nafula, na inaitaja Jumapili ya mavuno, pikipiki na ile mizunguko mitatu. Akina Nafula huko kwenu ni wengi, ndiyo, lakini si wengi kiasi hicho. Kwa miaka kumi na mmoja ya ukurasa huu sijapata kumwambia mume alichoniandikia mkewe, na baada ya leo sitarudia tena, na yeye ataniwia radhi.

Haulizi kama unajua kupanda pikipiki. Hilo, anasema, alilijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, mlipoazimwa baiskeli na shemeji yako ukaisukuma kutoka barabarani hadi nyumbani, ukisema ina pancha, naye alikuwa nyuma yako akiyaona matairi yote mawili yamejaa upepo. Hakusema kitu siku hiyo na hajasema mpaka leo, kwa sababu, na haya ni maneno yake, "alikuwa anatembea amefurahi." Zile pesa alikupa akidhani ukizipata utapata pia nafasi ya kumwambia. Hukumwambia, kisha mchungaji akatangaza, na sasa hajui namna ya kukuzuia bila kukuaibisha.

Kwa hiyo ameamua kupanda. Swali lake ni moja tu: avae nini chini ya gauni ili magoti yake yasichubuke sana mtakapoanguka, lakini kiwe kitu kisichoonekana, usije ukadhani kwamba hakukuamini.

Sijamjibu. Mjibu wewe, leo.