Medali chini ya jambia la Baba

Mjini Ibra, Ijumaa

Tena kaitundika chini ya jambia la Baba! Khalfan, mtoto wa kaka yangu, ameikuta ile medali sandukuni, akaitia fremu, na leo akawaonyesha majirani waliokuja kunywa kahawa. "Babu alitunukiwa kwa ushujaa kule Kongo." Na wao, "Mashallah, mashallah." Nusura nimrushie dele la kahawa.

Ushujaa gani? Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wa serikali walizimwaga medali hizo kutoka kwenye lori kama peremende, zina uso wa mkubwa wao. Asiyevaa ni adui.

"Shangazi, wahadithie," akaniambia. Nikasema kichwa kinaniuma. Mwongo mimi.

Ningewahadithia nini? Kwamba Baba na mdogo wake waliambulia moja tu? Kwamba tulipofika kwenye kizuizi cha askari, aliyeivaa alikuwa Baba, na mdogo wake akashushwa garini, hatukumwona tena? Nilikuwa kiti cha nyuma.

Kesho naitoa takataka ile ukutani, akasirike apendavyo. Ila akiniuliza kwa nini...

Aliyeshushwa aliitwa Khalfan. Baba mwenyewe ndiye aliyempa mjukuu wake jina hilo.