Mama, Safari Hii Nimehesabu Pumzi

Mama,

Tulikupoteza Julai mwaka jana, Jumanne saa tisa alasiri, kitanda cha sita, wodi ya wanawake. Saratani ya damu ulikuwa nayo miezi saba, ila siku ile si yenyewe iliyokuua. Ni wadudu walioingia kwenye damu, presha ikaporomoka, sisi tukiwa pale pale tunakufunika blanketi.

Bado nina hasira, sikufichi. Muuguzi alikuuliza asubuhi umeamkaje, ukasema, "Salama, mwanangu." Daktari kijana akakuamkia shikamoo, ukaitika marahaba vizuri kabisa, akapita. Miguu yako ilikuwa barafu. Mimi nikasema ni baridi ya Meru, nikakuvisha soksi za sufu, pea mbili, nilizokuchagulia mwenyewe kwenye robota la mitumba. Kipimajoto hakikuonyesha homa, tukafurahi. Pumzi zako... hakuna aliyezihesabu. Hata mimi, ninayehesabu kila kitu.

Sasa sikia raha. Elia, yule fundi baiskeli jirani yetu, amelazwa kwa ugonjwa kama wako. Alhamisi nilimpelekea mtori wa ndizi na nyama. Namsalimu, ananiambia, "Poa tu, dada." Nikamwambia, "Poa yako sitaki, tulia nione kifua." Nikatazama saa: pumzi thelathini na mbili kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hazizidi ishirini. Nikarudia, zile zile. Miguu baridi, na tangu alfajiri amekojoa mara moja tu. Nikamwita muuguzi, nikamtajia namba. Hakubisha. Presha ilishaanza kushuka. Haikupita nusu saa, dripu inakwenda na dawa ya kuua wadudu imeshaingia mshipani.

Mama, jana nimemkuta amekaa! Kamaliza bakuli mbili za mtori, analalamika nyama chache. Nilicheka mpaka kitanda cha pili wakacheka. Wewe ungemwambia akachinje ng'ombe wake.

Muuguzi mkuu ameniomba kila Jumamosi, saa ya kuona wagonjwa, niwafundishe ndugu kuhesabu pumzi na kushika miguu. Kibanda changu cha mitumba sasa kina msichana wa kuuza, nafasi ninayo. Lakini watu hawatanisikia bila kisa chako: zile soksi, ile "salama" yako. Na wewe ulinionya, "Mambo ya mwili wangu usiyatangaze kama mitumba yako." Nikakuahidi.

Kwaheri Mama, pumzika. Migomba yako naitunza. Na yeyote wa kwetu atakayelazwa, nitamhesabia dakika nzima, hata akiniambia mzima kama chuma. Hiyo ahadi haina mjadala.

Ila ile ya zamani, nifungue. Muuguzi mkuu namjibu Ijumaa saa sita mchana. Njoo hata ndotoni, uniambie ndiyo au hapana. "Salama" siipokei. Ikifika saa sita hujasema kitu, nahesabu ni ndiyo.

Mwanao,
Naomi