Vitabu kumi na viwili vya Mama

Shoga, nimetoka kwenye kundi la wasomaji. Nimetoka!

Si nilituma picha ya daftari langu, vitabu arobaini vya mwaka vimetimia? Mwenyekiti akajibu mbele ya wote: "Toa kumi na viwili. Hivyo ulimsomea mama yako, havihesabiwi."

Havihesabiwi! Mama haoni, namsomea kila jioni mpaka koo linakauka, halafu eti havihesabiwi!

Na wenzetu wametulia kama maji mtungini. Na wewe ulikuwa wapi?

Mama kanisikia nikifoka, nikamweleza. Akasema: "Mwambie vitabu hivyo kumi na viwili nimevisoma mimi. Wewe ulikuwa macho yangu tu."

Wewe si msimamizi wa kundi? Nirudishe sasa hivi. Na umwingize Mama.