Zamu ya Kijani Kwenye Kona

Jumatatu, 3 Juni
Kona ileile. Bendera nyekundu mkono wa kushoto, kijani mkono wa kulia. Asubuhi baridi mpaka meno yanauma, saa nne vumbi, jioni upepo. Barabara ya kuingia Katesh wanaipanua. Nusu imechimbwa, nusu iliyobaki inapitisha watu wote: kosta za wafanyakazi, malori ya mahindi, bodaboda, ng'ombe. Mimi nasimama upande wa Gendabi. Upande wa mjini yupo Mzee Gidamis. Kona imetuficha, hatuonani. Nikifungua, anafunga. Akifungua, nafunga. Kazi ni hiyo tu. Miguu imevimba.

Alhamisi, 6 Juni
Redio zimekufa, yangu na ya Mzee. Zilikuwa ndizo za kuambiana nani afungue. Msimamizi kasema tuvumilie. Mzee kabuni njia: dereva wa mwisho anapewa tawi bichi. Tawi likinifikia, najua njia ni tupu. Lisipofika, sifungui hata aje nani. Madereva wanacheka. Mwalimu mmoja aliyechelewa kazini kaniita mchawi. Nimechoka hata kukasirika.

Jumatano, 12 Juni
Foleni haikuisha kutwa nzima. Nimeomba redio tena, mara ya tatu sasa. Msimamizi alikuwa anakula, hakuinua kichwa.

Mchana mashine ziliposimama, vibarua wakatushikia bendera, nikakaa na Mzee kwenye kivuli cha greda. Makande yangu, viazi vyake. Ana miaka sitini na kitu. Mlokole, hata togwa iliyochacha hagusi. Namwamkia, naye anauliza habari za watoto, za kuku, za mahindi, kimoja kimoja, bila haraka. Hiyo nusu saa ndiyo inayonifanya nirudi kesho yake.

Jumanne, 18 Juni
Sitaki kuandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Saa tano hivi ilikuja Noah, gari dogo la abiria, kutoka Basotu. Ndani mama mjamzito, uchungu umemshika, mama mkwe wake kamkumbatia kwa nyuma. Ilikuwa zamu ya upande wa Mzee. Tawi lilikuwa halijafika. Dereva hakutukana. Yule bibi ndiye aliyeteremka, akanishika mkono.

"Mwanangu, mtoto ametanguliza mguu."

Nikasikiliza. Sikusikia gari. Nikainua kijani.

Lori la kifusi lilikuwa njiani, ndiyo kwanza Mzee ameliruhusu. Kwa upepo wa siku ile nisingelisikia. Mzee ndiye aliyeiona Noah ikitokea kwenye kona. Akakimbia mbele ya lori akipunga nyekundu. Lori likakwepa, yeye akarukia shimo la kalavati. Noah ikapita. Mguu wa Mzee umevunjika chini ya goti, mfupa umetoka nje. Walimpakia kwenye gari la injinia na hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mimi.

Jumatano, 19 Juni
Dereva wa Noah alisimama kunieleza. Mtoto wa kike. Mzima, na mama mzima. Nilifurahi nusu. Nusu nyingine imelala wodini na vyuma mguuni.

Sikwenda kumwona Mzee. Nilifika mpaka geti la hospitali, nikageuka. Naogopa uso wake.

Ijumaa, 21 Juni
Nimeitwa ofisini, ile kontena. Msimamizi alikuwa mpole, kaniita dada, kanipa kiti. Hajawahi kunipa kiti. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Inasema siku ile Mzee Gidamis alikuwa amelewa, akalala kazini, akaruhusu lori bila kuniarifu. Chini pameachwa nafasi ya jina langu.

Nikasema Mzee hanywi.

"Weka sahihi tu, dada. Yeye ni mtu mzima, atapumzika nyumbani. Wewe unabaki na kazi yako."

Niliwaza ada ya shule ya mwanangu Neema. Niliwaza jembe, na miaka miwili ya mvua mbaya. Sitajidanganya humu ndani: kalamu niliishika. Nikaipeleka mpaka kwenye ule mstari.

Kisha nikaigeuza karatasi. Nyuma yake nikaandika: mimi ndiye niliyefungua njia. Redio zilikufa tangu mwanzo wa mwezi. Niliomba mara tatu. Nikatia sahihi hapo.

Alisoma taratibu. Akasema nisije kesho.

Jumamosi, 22 Juni
Nimelala hadi saa tatu. Halafu nimelia. Halafu nimekwenda kuvuna maharage, maana hayasubiri mtu.

Jumapili, 30 Juni
Nasikia Mzee ametoka hospitali. Sijaenda. Aibu ni nzito kuliko gunia.

Jumapili, 14 Julai
Leo nimekwenda. Nilibeba kuku mmoja na maharage kidogo. Mzee alikuwa uani, mguu juu ya kigoda, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba nilifungua bila tawi. Kwamba mguu ule ni mimi.

"Najua," akasema. "Noah haina mabawa. Mtoto je?"

Nikamwambia mzima. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na hindi lake. Kisha akaniambia kwamba msimamizi alimfuata hata yeye, wodini, na karatasi iliyochapwa. Ya kwake ilisema mimi nilikuwa naongea na simu, sikutazama njia. Alitakiwa kuweka sahihi.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia sijui kusoma."

Mzee Gidamis ndiye anayesoma Neno kanisani kwao kila Jumapili, na miwani hata havai.

Sikujua nicheke au nifanye nini. Mkewe akaleta chai. Nikavuta kigoda kingine, nikachukua hindi. Tumepukuchua mpaka jua limeshuka nyuma ya mlima.