Siku Niliyosema Landrova Yako Haina Gia ya Nyuma

Muramu wangu Gaspari, kaka wa mke wangu,

Barua hii itasikiwa na watu kabla haijakufikia. Nimemwomba katekista aniachie nafasi Jumapili, matangazo yakiisha, nisimame mbele ya kigango kizima niisome yote, ndipo nimpe mtu anayevuka mpaka pale Murongo akuletee huko Mbarara. Najua ningepaswa kuanza na wewe. Lakini nilikuharibia jina mbele ya watu, na kukuomba radhi pembeni kungekuwa ujanja mwingine tu. Ujanja wangu umeshanichosha.

Unaikumbuka ile landrova ulivyoikuta? Ilikuwa imetelekezwa kwenye migomba ya Mzee Kalisti tangu vita viishe, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, giaboksi imepasuka. Kila mtu alisema ni chuma chakavu, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa dereva wa jeshi bwana! Tangu nirudi mwaka wa sabini na tisa hakuna gari lililopita Isingiro bila mimi kulitolea hukumu. Wewe ulicheka tu, ukasema, "Muramu, ngoja kwanza."

Ukaihangaikia karibu mwaka mzima. Ulipata giaboksi ya pikapu ya Kijapani iliyopinduka njiani, ikawa haioani na injini hata kidogo. Mtu mwingine angeacha. Wewe ulikata bamba la chuma kutoka kwenye tingatinga bovu, ukatoboa matundu yake kwa kuyapima na uzi, ukaunganisha vitu viwili ambavyo havikuzaliwa pamoja. Shafti ulikwenda kuichomelea Kayanga, ukairudisha begani. Dada yako alikuwa anakuletea chakula anakisogeza uvunguni mwa gari kwa mguu, maana wewe ulikuwa grisi mpaka masikioni. Na mimi? Nilikaa kwenye gogo nikakusimulia vita. Hukuniambia ninyamaze hata siku moja. Injini ilipowaka tulikunywa rubisi, ukacheza mpaka viatu vikakatika.

Miaka ile wagonjwa wa Kamuli walikuwa wanabebwa kwa machela, watu wanne wanapokezana mpaka hospitali. Kamati ya kigango ikaamua kuichukua landrova yako, wewe uwe dereva na fundi wake, na wakukatie kiwanja karibu na kanisa. Nilijua kwako hilo lilikuwa na maana gani. Wazazi wenu walitoka Rwanda na kuishia kulima mashamba ya watu. Uliniambia mwenyewe ukinawa mikono kwa mafuta ya taa: "Muramu, nikipata mahali pangu, naoa mwaka huohuo." Kamati ilitaka kitu kimoja tu, gari likaguliwe kwanza na mtu anayejua. Ukanitaja mimi. "Shemeji yangu anajua magari kutuzidi sote," uliwaambia. Loo, Gaspari.

Nilikuja na buti zangu za jeshi, nimezipiga kiwi. Nililala chini ya gari nikagonga lile bamba kwa spana, nikaguna "mh!" kama daktari, wakati sikujua hata ninachotafuta. Kisha nikampakia Mzee Kalisti na wanakamati wenzake watatu tukapanda mlima wa Kamuli. Leo niseme ambacho sikukisema siku ile: lile gari lilikuwa zuri. Gia ziliingia bila kelele. Tuliteremka na gia ya pili, mguu wangu haukugusa breki, na likashuka taratibu mpaka bondeni. Nilitafuta kosa nikalikosa, na badala ya kufurahi roho iliniuma. Nilikuonea wivu. Nilikuwa nimefundishwa na jeshi zima, na wewe uliyejifunza uvunguni ulikuwa umefanya kitu ambacho mimi nisingeweza hata kukianza.

Tukarudi kanisani, watu wamejaa uani wanasubiri. Nikaegesha vibaya, pua ya gari ikaingia kwenye mibuni. Sasa nirudi nyuma. Magari niliyoyazoea, unavuta mkono wa gia kushoto kabisa ndipo rivasi inaingia. Nikavuta kushoto, gari likaruka mbele likavunja mbuni. Nikavuta tena, likaruka tena. Akina mama wakapiga kelele, mtu mmoja akacheka. Ulikuja dirishani ukainama, ukaanza kwa sauti ya chini, "Muramu, hiyo una..." Sikukuacha umalize. "Nimeendesha mpaka Kampala, wewe unifundishe gia?" Ukawaita vijana wawili, mkaenda mbele, mkaweka mikono kwenye bampa, mkaanza kulisukuma gari litoke.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo hakuna anayelijua. Kwa hasira niliukandamiza ule mkono wa gia kwa uzito wangu wote, ukazama chini. Nikausogeza kulia, nikaurudisha, na gia ikaingia. Nikaachia klachi kidogo, na gari likaanza kurudi nyuma lenyewe. Nililisikia kabisa kwenye kiti. Ningeweza kucheka, nikasema jamani nilikuwa sijui. Ingekuwa aibu ya jioni moja. Badala yake nilikanyaga klachi, nikaitoa ile gia, nikawaacha msukume mpaka mwisho.

Nikashuka nikatangaza: "Kajitahidi, lakini gari halina rivasi. Gari la wagonjwa lisilorudi nyuma litaua watu." Mzee Kalisti akakugeukia. "Gaspari, ni kweli?" Ulinitazama mimi, si yeye. Ungeweza kupanda ukalirudisha nyuma wote wakiona. Lakini hapo ungekuwa umemwita mume wa dada yako mwongo hadharani, na nyumbani kwenu hukulelewa hivyo. Ulisema tu, "Shemeji ameshasema."

Basi kamati ikalikataa gari, kiwanja hukupewa, na watu wakakupa jina, Mbele-Tu. Sokoni wanawake walikutania, "Mbele-Tu, ukipita kwako utarudije?" Wazazi wa yule binti wa Kamuli uliyetaka kumwoa nao wakapata la kusema. Mfanyabiashara wa Murongo alipolichukua gari na watu wakaliona linarudi nyuma mbele ya duka lake kama kawaida, walikuja kuniuliza. Nikasema lazima amebadilisha giaboksi. Nilikuwa nakula ugali wakati nasema hivyo, wala haukunikwama. Wewe ulikuwa umeshavuka mpaka na boksi lako la spana. Wagonjwa waliendelea kubebwa kwa machela miaka mingine miwili, na zamu yangu ilipofika nilishika mti wa machela nikijua kwamba ni mimi niliyetufikisha hapo.

Miaka yote hii nilijifariji kwa kitu kimoja. Nilijiambia, angalau Gaspari anadhani sikujua. Ananiona mjinga, na ujinga unasameheka.

Alhamisi nilimweleza dada yako kila kitu, anamenya ndizi. Hakupiga kelele. Alimenya mpaka zikaisha, ndipo akaniuliza, "Ulipoingiza hiyo gia, kaka yangu alikuwa wapi?"

"Mbele, kwenye bampa."

"Mikono yake iko kwenye gari?"

"Iko kwenye gari."

"Na gari likaondoka lenyewe."

Akanyanyuka na sufuria yake akaniacha nimekaa. Tangu siku hiyo najipakulia chakula mwenyewe, na nastahili.

Sikuombi urudi. Jumapili nitawaambia kwamba fundi hakuwa na kosa, na wao wanihukumu wapendavyo. Kwako naomba msamaha, na ukininyima nitaelewa. Aibu niliyo nayo sasa si ile ya kushindwa kupata gia. Sasa nakuona vizuri kuliko nilivyokuona siku ile nikiwa nimekaa nyuma ya usukani. Gari lilikutoka mikononi. Ulijua papo hapo kwamba nimeipata rivasi. Kisha nikaitoa, gari likasimama, na wewe ukapiga hatua mbili, ukalifikia, ukaweka mikono tena kwenye bampa, ukaendelea kusukuma.

Ubaki salama huko uliko, muramu.

Ni mimi, mume wa dada yako.